Majina Yanafanana, Dawa Siyo

Weka maboksi mawili ya dawa ya mseto ya malaria juu ya kaunta, yakiwa ubavu kwa ubavu. Yote mawili yameandikwa Artemether na Lumefantrine. Yote yana vidonge sita. Maelekezo ni yale yale: kidonge kimoja kila dozi, mara mbili kwa siku, siku tatu.

Boksi moja ni la mtoto wa kilo kumi.

Jingine ni la mtu mzima.

Jambo hili si geni kwa yeyote aliyewahi kusimama nyuma ya dirisha la dawa, lakini kwa wiki kadhaa sasa limekataa kunitoka kichwani. Kinachonisumbua ni ule ushauri tunaoutoa kila siku: "Soma jina la dawa kabla hujameza." Hapa umelisoma jina, umelisoma vizuri, na bado hujui unachomeza.

Vidonge sita vya nani?

Wengi tumezoea mseto wa vidonge 24. Kila kidonge kina miligramu 20 za artemether na 120 za lumefantrine, na kwenye boksi huandikwa 20/120. Dozi hufuata uzito. Kilo 5 hadi chini ya 15 ni kidonge kimoja, 15 hadi chini ya 25 ni viwili, 25 hadi chini ya 35 ni vitatu, na kuanzia kilo 35 ni vinne. Kwa dozi sita za siku tatu, maboksi yanakuwa ya vidonge 6, 12, 18 na 24.

Baadaye kikaja kidonge cha 80/480. Kimoja ni sawa na vinne vya zamani, kwa hiyo mtu mzima anahitaji sita tu. Wazo lenyewe ni zuri. Mgonjwa wa malaria ana kichefuchefu, na kumezeshwa vidonge vinne kwa mpigo si jambo dogo. Wengi huishia njiani homa ikishapoa siku ya pili.

Tatizo ni kwamba sasa kuna maboksi mawili ya vidonge sita.

Mtu mzima akipewa la mtoto, kwa siku zote tatu anapata miligramu 120 za artemether badala ya 480. Homa inaweza kushuka hata hivyo, kwa sababu artemether huua vimelea kwa kasi, kisha hutoka mwilini ndani ya saa chache. Kazi ya kumalizia vimelea vilivyobaki ni ya lumefantrine, inayokaa mwilini kwa siku kadhaa, na hiyo nayo ameipata robo. Wiki mbili tatu baadaye homa inarudi, na mtaani inasemwa mseto siku hizi haufanyi kazi. Mtoto akipewa la mtu mzima, kila kidonge ni dozi mara nne ya anayostahili. Yuko pia wa tatu, yule aliyezoea "vinne vinne": anameza vinne vya 80/480 usiku, asubuhi anakuta vimebaki viwili, anadhani ameuziwa boksi pungufu.

Kwa hiyo kwenye mseto usiishie kwenye jina. Soma namba mbili zilizo mbele yake, kisha taja kilo za mgonjwa kwa sauti. Dozi ya pili ni saa 8 baada ya ya kwanza, ya tatu ni saa 24 baada ya ya kwanza, zinazofuata ni kila saa 12. Na umeze pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, hata chai ya maziwa na karanga, maana lumefantrine ikikuta tumbo tupu sehemu kubwa yake hupita bila kuingia kwenye damu.

Jina la kampuni ni mali ya kampuni

Maboksi mengi ya dawa yana majina mawili. Kubwa lenye rangi ni la kibiashara. Dogo, mara nyingi chini yake, ni jina halisi la dawa iliyomo. Jina la kibiashara huchaguliwa na kampuni, na hakuna kinachozuia kampuni mbili katika nchi mbili kuchagua jina moja kwa dawa zisizohusiana.

Flomax ya Marekani ni tamsulosin, dawa ya wanaume wanaokojoa kwa shida kwa sababu ya tezi dume. Flomax ya Italia ni morniflumate, dawa ya maumivu na uvimbe. Dilacor ya Marekani ni diltiazem, ya presha na maumivu ya kifua. Dilacor ya Serbia ni digoxin, dawa ya moyo ambayo dozi yake huhesabiwa kwa sehemu ndogo za miligramu na ambayo ikizidi kidogo tu huvuruga mapigo. Mwaka 2006 mamlaka ya dawa ya Marekani ililazimika kutoa tahadhari kwa wasafiri kuhusu majina ya aina hii.

Hata ndani ya nchi moja majina hugongana. Omeprazole, ya kupunguza asidi tumboni, iliingia Marekani ikiitwa Losec. Kwenye mwandiko wa haraka wa daktari, Losec ikasomeka Lasix, ambayo ni furosemide, dawa ya kukojosha maji yaliyozidi mwilini. Mwaka 1990 ikabadilishwa jina huko kuwa Prilosec, nayo baadaye ikaingia kwenye orodha za majina yanayochanganywa, safari hii na Prozac. Mwaka 2016 ikawa zamu ya Brintellix, dawa ya sonona, iliyobadilishwa kuwa Trintellix kwa sababu ilichanganywa na Brilinta, dawa ya kuzuia damu kuganda. Ukifikiri ni nani angemeza kipi, unaelewa kwa nini hawakusubiri.

Kwetu hili linahusu zaidi kuliko tunavyokiri. Dawa zinakuja na ndugu kutoka Muscat, Dubai, Mumbai na London. Zikiisha, mtu anakwenda famasi ya karibu na jina la kibiashara alilolikariri, na muuzaji anatafuta linalofanana.

Dawa moja, majina mengi

Kuna upande wa pili: dawa ni moja ila majina ni mengi, na mtu anazimeza zote akidhani ni tofauti.

Parasetamoli ndiyo mfano mkubwa. Kwetu wengi huiita Panadol hata ikitoka kiwanda kingine kabisa. Marekani jina halisi linaloandikwa ni acetaminophen, na boksi linalojulikana zaidi ni Tylenol. Shangazi aliyeko Houston anatuma Tylenol, nyumbani Panadol ipo, na mwenye mafua ameongeza vidonge vya mafua ambavyo vingi navyo vina parasetamoli ndani.

Hesabu yake ni hii. Mtu mzima hapaswi kuzidisha gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Anayemeza viwili mara nne ameshafika ukingoni. Akiongeza kidonge cha mafua chenye miligramu 500 mara tatu, amefika gramu 5.5. Akifanya hivyo siku kadhaa mfululizo, tena hali chakula vizuri kwa sababu anaumwa, au ni mnywaji wa pombe, ini lake liko hatarini.

Na ini halipigi kelele mapema. Siku ya kwanza inaweza kuwa kichefuchefu tu. Dalili za ini kuharibika, kama maumivu chini ya mbavu za kulia na macho kuwa njano, huja siku ya pili, ya tatu au baadaye. Dawa ya kuokoa, acetylcysteine, hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8 tangu mtu ameze kiasi kikubwa kwa mpigo. Ukigundua umezidisha, nenda hospitali hata kama unajisikia mzima, na ubebe maboksi yote.

Jozi nyingine za namna hii kwa wenye ndugu Marekani: salbutamol ya pumu kule ni albuterol, glibenclamide ya kisukari ni glyburide, adrenaline ni epinephrine.

Hapa ndipo nilipoanza kusita

Kwa haya yote, jibu tulilofundishwa ni moja: tumia jina halisi. Andika jina halisi, omba kwa jina halisi, hifadhi kwa jina halisi. Shirika la Afya Duniani liliazimia mwaka 1950 kuwe na majina ya kimataifa ya dawa yasiyomilikiwa na yeyote, na orodha ya kwanza ikatoka mwaka 1953. Ni moja ya kazi nzuri kabisa zilizofanywa na shirika hilo, na sitaki aliyesoma hapa aelewe vingine.

Majina hayo yana koo. Yanayoishia na -pril ni ukoo mmoja wa dawa za presha, -sartan ukoo mwingine, -olol wengine. Mengi yanayoishia na -prazole hupunguza asidi, na -nidazole ndiko kwenye metronidazole na tinidazole. Ukikutana na jina usilolijua, mara nyingi mwisho wake unakwambia ni la nani.

Lakini majina ya ukoo mmoja lazima yafanane, ndiyo maana ya ukoo. Tena yapo yasiyo na udugu wowote ambayo yamefanana hivyo hivyo: metformin ya kisukari na metronidazole ya amiba, hydralazine na hydroxyzine, chlorpromazine na chlorpropamide.

Nitachukua jozi moja tu, kwa sababu ndiyo inayonitisha zaidi.

Carbamazepine ni ya kifafa. Carbimazole ni ya tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Kwenye rafu iliyopangwa kwa alfabeti zinakaa jirani. Kidonge cha carbamazepine kinachoonekana sana ni cha miligramu 200. Carbimazole ipo ya 5 na ya 20. Yaani mwandiko ukiwa mbovu, "Carb" ikafuatiwa na mstari uliojikunja, kinachobaki kukuokoa ni sifuri moja kati ya 20 na 200.

Mwenye kifafa akipewa carbimazole, dawa yake ya kweli inaisha mwilini ndani ya siku chache na degedege linarudi. Kwa kuwa imekatika ghafla, linaweza kuja mfululizo bila kukoma, na hiyo ni dharura ya kufa na kupona. Wakati huo huo tezi yake isiyo na tatizo inafinywa, na kwa watu wachache carbimazole huangusha chembe nyeupe za damu: homa, koo kuuma, vidonda mdomoni. Mtu yeyote aliye kwenye carbimazole akipata dalili hizo, apimwe damu siku hiyo hiyo, asisubiri.

Kinyume chake, mwenye tezi akipewa carbamazepine, moyo unaendelea kumwenda mbio huku akisinzia, akiona vitu viwili viwili na kuyumba anapotembea. Upele ukitokea baada ya kuianza dawa hii, aiache na aende hospitali mara moja.

Hakuna jina la kibiashara lililohusika hapa. Jina halisi lenyewe ndilo lililompoteza.

Herufi kubwa katikati ya jina

Dawa mojawapo ya tatizo hili ni kuandika kwa herufi kubwa ile sehemu ya jina inayotofautiana: metFORMIN na metroNIDAZOLE, hydrALAZINE na hydrOXYzine. Marekani walianza kuhimiza mtindo huo rasmi mwaka 2001. Ukiwa na kompyuta na printa ya lebo, inasaidia jicho kusimama pale panapostahili.

Nyingine ni kuvunja alfabeti. Jozi hatari zisikae rafu moja. Nafasi iliyoachwa wazi ibandikwe karatasi inayosema dawa imehamia wapi, la sivyo mfanyakazi mpya ataagiza nyingine na kuijaza pale pale. Nyingine ni kusoma mara tatu: unapoitoa kwenye rafu, unapohesabu, unapomkabidhi mgonjwa.

Haya ni mambo mazuri. Ila kwa duka dogo la dawa muhimu, lenye mhudumu mmoja na foleni ya jioni, mengi yanaishia kwenye vidonge vinavyohesabiwa kutoka kopo la 1,000 na kutiwa kwenye bahasha.

Bahasha

Ningependa tuizungumzie bahasha kwa uzito, kwa sababu ndimo jina linamopotelea. Kwenye bahasha ndogo ya dawa mara nyingi huandikwa 1×3, au 2×2, basi. Mgonjwa anatoka na bahasha tatu zenye vidonge vyeupe vya mviringo. Akifika nyumbani, mtoto akizimwaga mezani, hakuna mtu duniani anayeweza kuzirudisha mahali pake kwa uhakika.

Bahasha inayofaa ina jina la mgonjwa, jina halisi la dawa kwa herufi zilizotengana, nguvu yake kwa miligramu, namna ya kumeza kwa maneno ("kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku"), tarehe, na ni dawa ya nini. Inachukua sekunde chache zaidi, na mgonjwa ana haki ya kusubiri na kuiomba. Asiyesoma asomewe, kisha arudie kwa mdomo wake.

Hata hivyo lebo inaaminika kwa kadiri ya aliyeibandika. Mkoani Ituri, Kongo, kati ya mwishoni mwa 2014 na 2015, mamia ya watu walifika vituo vya afya nyuso na shingo zimekakamaa, na mwanzoni ikahofiwa ni homa ya uti wa mgongo. Ikabainika walikuwa wamemeza vidonge vilivyoandikwa diazepam ambavyo ndani yake ni haloperidol, dawa ya magonjwa ya akili inayoweza kukaza misuli kwa namna hiyo. Ndiyo maana kununua dawa kwa wachuuzi wasiosajiliwa ni hatari ambayo usomaji wako makini hauwezi kuifuta.

Neno la ziada kwenye cheti

Baada ya kuizungusha habari hii kichwani, nimeishia kwenye jambo moja ambalo lingezuia makosa mengi kuliko herufi kubwa na rafu tofauti: daktari aandike sababu. "Carbamazepine 200 mg, kifafa." "Metronidazole 400 mg, amiba." Neno moja tu.

Nguvu yake ni kwamba dawa zinazofanana majina mara nyingi hazitibu kitu kimoja. Kifafa na tezi hazichanganyiki. Kisukari na amiba hazichanganyiki. Mwandiko unaweza kuliharibu jina, unaweza kuiharibu namba, lakini ni vigumu uharibu vyote viwili pamoja na sababu, tena viharibike kuelekea dawa ile ile nyingine.

Kuna pingamizi, na si dogo. Wagonjwa wengi hawataki sababu ionekane. Kifafa bado kinafichwa. Dawa za kufubaza virusi zinafichwa hata kwa mwenza. Cheti hupita mikononi mwa mtoto aliyetumwa dukani, na bahasha hukaa juu ya kabati sebuleni. Ningekuwa mgonjwa, ningeuliza pia.

Ninachokiona ni kutenganisha cheti na bahasha. Kwenye cheti, sababu iandikwe, maana hiki ni kati ya daktari na mfamasia. Kwenye bahasha, mgonjwa aulizwe anataka nini kiandikwe. Na kama cheti hakina sababu, dirishani liulizwe swali la wazi, kwa sauti ya chini: "Daktari amekwambia hii ni ya nini?" Lisiwe "Wewe ni mgonjwa wa kisukari, siyo?" Mtu aliyechoka, aliyepanga foleni saa nzima, ataitikia ndiyo kwa chochote. Swali la wazi humlazimisha atoe jibu lake mwenyewe, na jibu likigongana na boksi mkononi, unasimama, unampigia aliyeandika.

Sababu isipotosha

Mseto wa 20/120 na wa 80/480 wote ni wa malaria. Prednisone na prednisolone hutibu karibu mambo yale yale, na kwa watu wengi kuchanganya hizo mbili si balaa. Insulini ndiyo kesi ngumu, kwa kuwa zote ni za kisukari, chupa zote ni ndogo za mililita 10, na kosa lake ni la usiku huo huo.

Insulini ya haraka, kama Actrapid, ni angavu kabisa. Ya taratibu iitwayo Insulatard ina ukungu mweupe. Mixtard 30 nayo ina ukungu, na ndani yake ni asilimia 30 ya haraka na 70 ya taratibu. Kwa hiyo rangi inatenganisha ya haraka na zile mbili, lakini Insulatard na Mixtard zinatenganishwa na lebo tu. Aliyepangiwa ya taratibu wakati wa kulala akijichoma uniti zile zile za haraka, sukari itaporomoka akiwa usingizini. Jasho jingi, kutetemeka, maneno yasiyoeleweka: kama yuko macho na anameza, apewe vijiko vya chai vitatu hadi vinne vya sukari kwenye maji, apimwe baada ya dakika 15, arudiwe kama haijapanda. Kama hajitambui asinyweshwe chochote, akimbizwe hospitali.

Nyumbani penye chupa mbili, ya haraka ifungwe mpira wa kubania noti shingoni, na kila moja ikae kwenye boksi lake. Kabla ya kuvuta, chupa yenye ukungu izungushwe taratibu kati ya viganja, isitikiswe. Kisha linganisha namba ya bomba la sindano na namba ya chupa, yaani uniti ngapi kwa mililita. Chupa ikiandikwa 100 na bomba likawa la 40, ukivuta hadi alama ya 20 utakuwa umejichoma uniti 50. Bomba la namna hiyo lirudishwe dukani likabadilishwe kabla ya kuchoma chochote.